Sura ya Sita: Minyoo Ikitoka Tumboni

Katika miaka ya 1980 timu ya madaktari wa Muhimbili, ikiongozwa na D. G. McLarty, ilizunguka vijiji sita vya Tanzania ikipima sukari kwenye damu. Walipimwa watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Matokeo yalipotoka katika jarida la The Lancet mwaka 1989, waliokutwa na kisukari walikuwa 53. Hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ukawapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, na asilimia 9.1 wakakutwa na kisukari.

Namba hizi mbili hazitoki kwenye mizani moja. Umri wa waliopimwa ni tofauti, na uchunguzi wa pili uliingiza miji ambayo ule wa kwanza haukuigusa. Hata ukipunguza huku na kule kwa ajili ya tofauti hizo, pengo linabaki kubwa mno kulipuuza. Sababu zake tunazisikia kila siku redioni: mafuta ya kukaangia, soda, bodaboda inayokuchukua mlangoni, kazi ya kukaa kutwa nzima. Sina ugomvi na maelezo hayo, nayo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote. Ila kuna badiliko jingine lililotokea katika miaka hiyohiyo, na halitajwi kwa sababu sote tunalihesabu kuwa ni heri tupu.

Wakati McLarty anapita vijijini, minyoo ilikuwa sehemu ya maisha. Watoto walienda peku shambani, choo kilikuwa kichaka, na mtu mzima aliyekuwa na safura hakujiona mgonjwa ila alijiona mchovu tu. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliafikiana kuwapa dawa za minyoo angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio katika hatari. Tangu hapo vidonge vya albendazoli na prazikwanteli vimegawiwa madarasani Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana kabla. Swali linaloulizwa sasa katika maabara za Leiden, Entebbe na kaskazini mwa Australia linamkera kila aliyewahi kupanga foleni ya watoto mbele ya kikombe cha maji na kidonge: je, minyoo ilipotoka, iliondoka na kitu kilichokuwa kikizuia sukari isipande?

Kabla ya kulijibu, tukumbushane tunazungumzia viumbe wa namna gani. Mnyoo mmoja wa safura wa aina kubwa hunyonya damu kama mililita 0.2 kwa siku. Ukiwa na mia tumboni, hesabu unaifanya mwenyewe, na mjamzito anaifanya kwa uchungu zaidi. Jike la kichocho cha utumbo hutaga mayai kama 300 kwa siku, na karibu nusu yake hayapati njia ya kutoka. Yanakwama kwenye ini, ini linaota makovu, mishipa ya damu inabanwa, na baada ya miaka mtu anatapika damu. Huko Unguja na Pemba kichocho cha kibofu kimewafanya vijana wengi wakojoe damu. Kwa hiyo anayesoma sura hii akitafuta sababu ya kuacha dawa za minyoo hataipata.

Jambo la ajabu ni kwamba mnyoo huu mkatili unaishi muda mrefu. Safura inaweza kukaa utumboni miaka kadhaa, kichocho hata zaidi, ndani ya mwili wenye jeshi zima la kinga linalojua kabisa kuwa kuna mgeni. Hauponi kwa kupigana. Unaishi kama machinga aliyeelewana na mgambo wa jiji: mgambo anapita, anageuza macho, na siku hiyo mtaa wote unapata nafuu, hata wauzaji ambao hawakutoa kitu. Mate na majimaji ya mnyoo yana protini zinazoituliza kinga ya mwili. Zinapunguza kemikali za vita na kuongeza zile za kupoza, kama interlukini 10, na utulivu huo hauishii utumboni. Unafika mbali, hadi kwenye mafuta ya kitambi.

Na hapo ndipo sukari inapoingia. Tulizoea kudhani mafuta ya mwili ni ghala tu la akiba. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Boston, Marekani, walionyesha kuwa mafuta ya wanyama wanene hutoa kemikali ya kinga iitwayo TNF, na kwamba kemikali hiyo huifanya insulini ishindwe kazi. Mtu anenepapo kupita kiasi, chembe zake za mafuta huvimba, askari wa kinga waitwao makrofaji huzivamia, na vita visivyo na adui vinaanza. Insulini ipo, tena nyingi, lakini misuli na ini haziisikii. Kongosho linazidisha kazi mpaka linachoka. Hali hiyo madaktari huiita usugu wa insulini, nayo ndiyo mlango wa kisukari cha aina ya pili, aina inayowapata watu wazima wengi.

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichapisha katika jarida la Science kitu ambacho wataalamu wa minyoo hawakukitarajia kutoka kwa wataalamu wa kitambi. Ndani ya mafuta ya panya wenye afya walikuta eosinofili, zile chembe nyeupe ambazo kila fundi wa maabara wa Afrika Mashariki anajua zikipanda maana yake kuna minyoo. Kumbe ndizo zinazowatuliza makrofaji wa mafuta. Panya walionyimwa chembe hizo walipata usugu wa insulini haraka. Panya waliolishwa mafuta mengi kisha wakaambukizwa mnyoo wa panya waliongeza eosinofili, na miili yao ikaimudu sukari vizuri zaidi. Tangu hapo habari hii imerudiwa kwa kichocho na kwa protini zilizochujwa kutoka mayai ya kichocho. Upo na mnyoo unaobadilisha bakteria wa utumbo. Na ipo njia nyingine isiyohitaji jarida la Science kuieleza: mwenye minyoo mingi hushiba kidogo, hunyonya chakula kidogo, na hunenepa kidogo.

Panya wa maabara, hata hivyo, wameshaponywa kisukari mara nyingi kuliko binadamu. Ni lazima twende kwa watu.

Kwa watu, tafiti za mwanzo zilikuwa za kutazama na kuhesabu. Katika jamii moja ya wenyeji asilia wa kaskazini mwa Australia, waliowahi kuambukizwa mnyoo mdogo wa strongiloidesi walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na kisukari kwa asilimia 61 kuliko wenzao wasiowahi kuambukizwa. Katika vijiji vya China, watu waliowahi kuugua kichocho walikuwa na kisukari kidogo kuliko majirani zao. Chennai, India, watafiti walikuta matende machache zaidi kwa wenye kisukari. Mwaka 2016 kundi jingine la Australia lilikusanya tafiti za namna hii na kuzipiga hesabu kwa pamoja: aliye na minyoo, au aliyewahi kuwa nayo, alikuwa na nusu tu ya uwezekano wa kupata matatizo ya sukari na unene.

Nusu. Dawa ngapi za hospitali zinaweza kujisifia hivyo? Lakini jiulize mwenye minyoo ni nani. Ni mkulima, ni mvuvi, ni mtu anayetembea kilomita kadhaa kwenda shambani na kula mlo mmoja wa maana kwa siku. Na mwenye kisukari ni nani? Mara nyingi ni mtu wa mjini, anayehudhuria kliniki, aliyemezeshwa dawa mara nyingi, mwenye choo cha kuvuta maji. Ungeweza kugundua vilevile kwamba jembe linakinga kisukari, na pengine lingeshinda minyoo. Watafiti wazuri hujaribu kuondoa tofauti hizi kwa hesabu, lakini hesabu huondoa tu kile ulichokumbuka kukiandika. Njia ya kumaliza ubishi ni moja: wape watu dawa ya minyoo kwa kura, wengine wape kidonge kisicho na kitu, kisha subiri uone sukari itafanyaje.

Hilo lilifanyika katika kisiwa cha Flores, Indonesia, eneo la Nangapanda, ambako safura na minyoo mviringo ni mambo ya kawaida. Dicky Tahapary wa Chuo Kikuu cha Indonesia, akishirikiana na kundi la Maria Yazdanbakhsh wa Leiden, Uholanzi, aliwagawa watu zaidi ya 1,600 kwa kaya. Kila miezi mitatu kwa mwaka mzima baadhi ya kaya zilipata albendazoli na nyingine zikapata kidonge bandia, bila mtu kujua kipi ni kipi. Walipima usugu wa insulini kwa kanuni iitwayo HOMA, inayozidisha sukari ya kabla ya kula na kiwango cha insulini cha wakati huohuo: namba ikipanda, usugu umeongezeka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, nayo yanasomwa kwa pande mbili. Ukiichukua jamii yote pamoja, dawa haikubadilisha kitu. Ukiwachukua wale tu waliokuwa na minyoo mwanzoni, usugu wa insulini uliongezeka baada ya kutibiwa. Ongezeko lilikuwa dogo. Lakini mshale ulielekea upande uleule ambao panya walikuwa wameuonyesha, eosinofili zilishuka kama ilivyotarajiwa, na uzito ukaongezeka kidogo. Nikiulizwa ni utafiti gani mmoja unaonifanya niliamini jambo hili zaidi ya uvumi, nitautaja huu.

Halafu kuna Koome. Huu ni mkusanyiko wa visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, wilaya ya Mukono, makazi ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Mtu anaoga ziwani, anafua ziwani, anavuta wavu akiwa ndani ya maji, na konokono wa kichocho wamo humohumo. Watafiti wa Entebbe wakiongozwa na Alison Elliott walichagua vijiji 26 na kuvigawa kwa kura. Nusu vilipata matibabu ya kawaida: prazikwanteli mara moja kwa mwaka na albendazoli kila miezi sita. Nusu vikapata matibabu makali: prazikwanteli kila miezi mitatu pamoja na albendazoli ya siku tatu mfululizo, kwa miaka minne. Lengo la kwanza lilikuwa mzio na pumu, lakini Richard Sanya na wenzake waliongeza vipimo vya sukari na lehemu, na mwaka 2020 wakatoa ripoti.

Usugu wa insulini haukutofautiana kati ya pande mbili. Hapa wengi walifunga faili: nadharia imekufa Koome. Mimi sikubaliani, na sababu imo ndani ya utafiti wenyewe. Walipotafuta mayai ya kichocho kwenye choo kwa darubini, asilimia 23 ya wa upande wa matibabu makali walikuwa nayo, dhidi ya 39 upande wa kawaida. Hapo dawa inaonekana imefanya kazi. Walipotafuta alama za mnyoo kwenye mkojo, kipimo kinachonasa hata maambukizi hafifu, asilimia ilikuwa 85 upande mmoja na 86 upande mwingine. Baada ya miaka ya vidonge kila robo mwaka, karibu kila mtu bado alikuwa na kichocho, kidogo tu kuliko mwanzo. Ziwa lilikuwa linawarudishia kila walichomeza dawa kukiondoa. Huwezi kuuliza mwili unafanyaje bila minyoo kwa watu ambao minyoo haikuwatoka.

Na kitu kimoja kilibadilika kweli. Lehemu mbaya, ile ya LDL, ilikuwa wastani wa 2.86 kwenye vijiji vya matibabu makali na 2.60 kwenye vijiji vya kawaida. Si tofauti ya kumpeleka mtu hospitali, lakini kwa jamii nzima ya wavuvi wembamba ni ishara kwamba kupunguza tu mzigo wa minyoo kunagusa namna mwili unavyoshughulikia mafuta. Wenye kichocho cha wastani na kizito ndio waliokuwa na lehemu ya chini.

Waaustralia waliamua kugeuza swali. Badala ya kuwatoa watu minyoo, waliwatia. Paul Giacomin, Alex Loukas na wenzao wa Chuo Kikuu cha James Cook waliwaita watu 40 wa Cairns na Townsville, wenye vitambi na dalili za usugu wa insulini lakini wasio na kisukari bado. Wengine walibandikwa mkononi viluwiluwi 20 vya safura, wengine 40, wengine wakabandikwa kitu kisicho na mnyoo. Viluwiluwi hupenya ngozi, hupita mapafuni, humezwa na kushuka utumboni, safari ileile ambayo Arthur Looss alianza kuigundua Cairo mwishoni mwa karne ya 19 baada ya kumwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi. Baada ya mwaka mmoja, namba ya HOMA ya waliopewa 20 ilishuka kutoka 3.0 hadi 1.8. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Si wote waliofika mwisho wa miaka miwili, wengi wa walioambukizwa waliumwa tumbo mwanzoni, na watu 40 ni idadi ndogo mno kutungia sera. Ila ilipofika siku ya kupewa dawa ya kuitoa, wote isipokuwa mmoja walichagua kubaki na minyoo yao. Nina hakika hakuna mama wa Kwale au Kigoma ambaye angefanya uchaguzi huo kwa mwanawe, na yuko sahihi: mtu mzima aliyeshiba, mwenye madini ya chuma ya kutosha na minyoo 20 iliyohesabiwa, si mtoto wa miaka mitano mwenye malaria mara mbili kwa mwaka na minyoo isiyo na idadi.

Kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachoanza utotoni kinga inapolishambulia kongosho, kina hadithi yake, na ndiyo iliyotangulia. Anne Cooke na wenzake wa Cambridge walionyesha mwaka 1999 kwamba panya waliozaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huo hawakuupata wakiambukizwa kichocho mapema, au hata wakidungwa mayai yake tu. Wanaopenda hoja ya usafi uliozidi hutaja pia Karelia: upande wa Finland watoto hupata aina hii mara sita zaidi ya watoto wa upande wa Urusi, ingawa nasaba zao ni za karibu. Lakini Karelia inaweza kuwa ni bakteria, virusi au vitamini, na sioni kwamba minyoo imethibitishwa pale. Tahadhari ni muhimu kwa sababu tumeshaona shauku ya aina hii ikianguka: mayai ya mnyoo wa nguruwe yaliyonyweshwa wagonjwa wa utumbo huko Marekani na Ulaya yalianza kwa sifa kubwa, kisha majaribio makubwa yakashindwa kuonyesha faida.

Minyoo na kisukari hukutana pia kwa njia nyingine, isiyo na neema yoyote. Strongiloidesi ni mnyoo wa kipekee, kwa kuwa unazaliana ndani ya mtu na kumwambukiza upya, hivyo aliyeupata kijijini utotoni anaweza kuwa nao uzeeni akiishi ghorofani Nairobi au Muscat. Kinga ikiwa macho, haumsumbui. Mpe mtu huyo dawa za jamii ya steroidi, na mnyoo unazaana bila kizuizi, unatoboa utumbo na kubeba bakteria hadi kwenye damu. Wakati wa Uviko, deksamethasoni iliokoa maisha ya wengi, na wagonjwa mahututi wengi walikuwa na kisukari. Dawa hiyohiyo ilipandisha sukari yao na kumfungulia mlango mnyoo aliyejificha. Ndiyo maana wataalamu walishauri mgonjwa aliyetoka maeneo yenye mnyoo huo apewe ivermektini mapema, hata kabla ya majibu ya choo.

Kilichokosekana kwetu ni kuwakutanisha wanaohesabu minyoo na wanaohesabu sukari. Programu ya minyoo inawaona watoto shuleni, kliniki ya kisukari inawaona wazazi wao hospitali ya wilaya, na faili zao hazijawahi kulala kabati moja. Kama utafiti wa Flores una ukweli, kijiji kinachoondokewa na minyoo kwa haraka ndicho kinachostahili kupimwa sukari na mzunguko wa kiuno kabla duka la soda halijafika, au pamoja nalo.

Na kipimo kichaguliwe kwa akili. Kipimo kinachopendwa sasa, HbA1c, husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kinadhani chembe hizo zina umri wa kawaida. Mwenye safura anapoteza damu kila siku. Mwili ukiziba pengo kwa chembe changa, namba inashuka kwa uongo. Akiishiwa madini ya chuma, inaweza kupanda kwa uongo. Daktari anayeona HbA1c isiyolingana na mgonjwa aliye mbele yake, ambaye viganja vyake ni vyeupe na anahema akipanda ngazi, apime wingi wa damu kwanza, afuate sukari ya kufunga au ile ya saa mbili baada ya kunywa glukosi, na achukue kikopo cha choo siku hiyohiyo.